Namna ya kuweka baraza ya bao inayokwenda na kazi za watu

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Ng'ambo, Unguja mjini, nyuma ya majumba ya Michenzani, na mbele yake pana baraza ya saruji aliyoijenga marehemu baba. Mwaka wa 19 huu bao linachezwa hapo. Kila mara hutokea mtu wa mtaa mwingine, au mgeni kutoka Tanga au Bagamoyo, akaniuliza: mnafanyaje, Fundi, hata watu wenu hawatawanyiki? Kwao walinunua bao zuri, wakalicheza miezi mitatu, kisha likaingia uvunguni mwa kitanda.

Ninachomjibu ni hiki: bao halimlishi mtu. Kila anayekaa barazani ametoka kazini na atarudi kazini, na baraza inayozisahau kazi hizo hufa hata wachezaji wake wakiwa mabingwa. Haya nimeyajua kwa kukosea na kurekebisha. Nayaandika kwa anayetaka kuweka baraza mtaani kwake na akataka idumu.

Zijue kwanza saa za watu

Usianze na kununua bao. Zunguka mtaa wiki mbili, asubuhi, adhuhuri na alasiri, uone nani anapumzika lini. Waulizie hasa majirani usiokutana nao, maana hao ndio wanaofanya kazi saa ambazo wewe umelala. Mimi nilidhani mtaa wetu una wachezaji saba. Walikuwa zaidi ya 20, ila hawakuwa na saa moja waliyokuwa huru wote.

Mchuuzi anayenunua samaki Malindi alfajiri huwa ameshamaliza kutembeza ikifika saa 5. Dereva wa daladala hupata upenyo kati ya saa 6 na saa 8, jua kali na abiria wachache. Makarani na walimu hutoka alasiri. Mlinzi hulala asubuhi, huamka adhuhuri, na kabla ya magharibi ni lazima awe getini kwake. Mwenye duka Darajani humwoni mpaka isha ishaswaliwa. Ukiweka kikao kimoja tu, cha saa 10 jioni kama ilivyo desturi, umeshawakata nusu yao. Sisi tuna kikao cha kivuli, mchana, upande wa ukuta wa karakana ambako jua halifiki, na kikao cha alasiri mpaka karibu na adhana ya magharibi. Wenye maduka wana usiku wao wa kuamkia Ijumaa.

Halafu zamu. Kwetu zamu haipewi aliyetangulia kufika, hupewa aliyebakiwa na muda mchache. Mlinzi akitokea saa 11 anakaa papo hapo, na mstaafu aliyekuwapo tangu saa 9 anangoja, kwa kuwa mstaafu ana kesho nzima. Wazee wawili walichukia sana nilipoliweka jambo hili. Nikawaomba wamtazame mlinzi wiki moja tu: anakuja, anangoja, adhana inakaribia, anaondoka hajagusa kete. Walipoliona kwa macho yao hawakusema tena, na mmoja wao sasa ndiye anayemwita mlinzi kwa sauti akimwona anapinda kona.

Hesabu ya mwezi wa angani

Hapa ndipo nilipokosea kosa kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuna wavuvi watano wa dagaa, na mkubwa wao tunamwita Nahodha. Uvuvi wa dagaa unataka giza. Taa ndiyo inayowaita dagaa, na mwezi ukiwa mpevu bahari yote imeng'aa, taa haina kazi. Kwa hiyo usiku wa giza watu hawa wako baharini, mchana wamelala au wanashughulika na nyavu na mashine. Usiku wa mbalamwezi ndio mapumziko yao. Mimi nilikuwa nimeishi nao mtaa mmoja tangu utoto na sikulijua hilo, kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Mwaka mmoja nikapanga mashindano baina ya baraza yetu na ya mtaa wa pili. Nikaweka tarehe 27 ya Mfungo Pili, yaani Dhulqaada, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na makarani hawana kazi. Giza totoro. Nahodha na wenzake hawakuja hata mmoja, na tukafungwa. Kilichoniumiza ni kuwa walidhani tumefanya makusudi, tumewaona watu wa pwani wananuka samaki tukawachagulia siku ambayo hawawezi. Miezi mitatu hawakukanyaga barazani. Nilikwenda nyumbani kwa Nahodha mara mbili sikumkuta, mara ya tatu nikamkuta anashona nyavu. Nikamwambia sikujua. Akanitazama kwa muda, akasema, "Fundi, mbona mwezi uko juu ya paa lako kila siku?"

Tangu siku hiyo ukutani karakanani nimepiga mstari wa penseli kwa kila mwezi, na mashindano yetu huwa tarehe 13, 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu, iangukie Jumatatu au Jumapili. Fanya hivyo kama mtaa wako una wavuvi wa taa.

Lakini mwezi huohuo una upande mwingine. Jirani yangu ana dada yake anayelima mwani Paje, na mama huyu, kwa uhodari wa kukumbuka kete, sijaona wanaume wawili wa kumfikia. Kazi ya mwani inataka bamvua, maji yanapokupwa mbali na mashamba yakawa wazi. Bamvua liko mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku ninazowawekea wavuvi ndizo siku yeye yuko majini tangu asubuhi na kiuno kinamuuma. Yeye huja mjini kwa nduguye wakati wa maji mafu. Basi tuna mashindano madogo tarehe 7 au 8, ya yeyote atakayekuwapo, na bao lake huwekwa kwenye kibaraza cha nduguye akae na wanawake wenzake, ambao wanne kati yao sasa wanacheza. Siku moja haiwezi kuwatosha watu wote. Weka mbili.

Misimu mingine ni rahisi kuikumbuka. Karafuu zikikomaa Pemba, vijana kadhaa huvuka kwenda kuchuma, na huwezi kuwaambia wabaki. Fundi cherehani humpati kumi la mwisho la Ramadhani, ana nguo za sikukuu za mtaa mzima. Ramadhani yenyewe huchezwa baada ya tarawehe mpaka watu waende kula daku. Masika ikifika, wageni hupungua na watu wa mahoteli hurudi mjini, hapo baraza hujaa. Kazi za kufundisha wageni ziweke masika.

Bao lenyewe na mikono inayolishika

Kwa kanuni, bao la kwetu ni mashimo 32, mistari minne ya manane, na kete 64. Upana wa mashimo ni juu ya fundi, na mafundi wengi hutengeneza bao la kupamba sebuleni, mashimo ya sentimita 5. Bao hilo kwa mkono wa hamali ni tabu. Tuna hamali wa bandarini ambaye vidole vyake akivitia shimo dogo hutoka na kete mbili za shimo la jirani, na hapo ndipo ugomvi huanza, mtu ameonekana mwizi kwa sababu ya mwili wake.

Mimi mashimo yangu huwa ya sentimita 7, ukingo baina yao sentimita 1, kina sentimita 3. Ukijumlisha na ghala la kete kila upande, unahitaji ubao wa sentimita 84 kwa 34, unene usipungue 5. Mfenesi mkavu unafaa sana, mwembe pia, ila mwembe mbichi utapasuka ukingoni kabla ya mwaka. Piga duara kwa bikari, chimba kwa patasi ya mviringo ukianzia katikati ya shimo kwenda ukingoni, kisha msasa. Nyumba ichonge mraba ili mwanafunzi aione bila kuhesabu: kwa kila mchezaji ni shimo la tano kutoka kushoto kwake, mstari wa mbele. Paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, usipake mafuta ya nazi, yataganda na vumbi.

Kete ziwe komwe. Mkomwe huota pwani, maganda yake yana miiba, mbegu ni za kijivu na ngumu. Watu huniuliza kwa nini nisitumie gololi. Gololi huteleza mkononi mwa mtu aliyetoka kukwaruza samaki, na vijiwe hula mbao. Komwe unaweza kuziosha. Kwetu kando ya bao pana ndoo ya maji, sabuni, na nusu ya ndimu. Mvuvi ananawa, mwashi mwenye saruji vidoleni ananawa, fundi wa pikipiki mwenye grisi ananawa, na karani aliyetoka ofisini ananawa vilevile. Hilo la karani usilisahau. Ukiwanawisha wavuvi peke yao umewaambia ni wachafu.

Kumfundisha mtu kwa kazi anayoijua

Mwanafunzi aanze na bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, zote 64 ubaoni, mnaanza kula moja kwa moja. Akishajua kula na kutembeza kete bila kupotea, mwingize bao la Kiswahili. Hapo kila mchezaji huanza na kete 6 kwenye nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwa nyumba, zinazobaki 22 ziko mkononi na huingia moja moja kwa kunamua. Mkono ukiisha, mnaingia mtaji, yaani mnacheza kwa kete zilizo ubaoni tu.

Neno hilo, mtaji, ndilo ninaloanza nalo kwa wafanyabiashara. Mchuuzi wa samaki nilimfundisha mwezi mzima haelewi kwa nini anashindwa. Alikuwa anakula kila anachokiona wakati wa kunamua, kisha anafika mtaji hana kitu, kete zimetawanyika moja moja na shimo lenye kete moja haliwezi kuanzisha mwendo. Nikamuuliza, "Kaka, fedha ya mauzo ya asubuhi ukiila yote mchana, kesho alfajiri Malindi unanunua na nini?" Akanyamaza. Kuanzia jioni ile alicheza mchezo mwingine.

Kwa Nahodha nilipita njia ya safari. Ukila, na kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako ambayo bado ni nzima, una hiari: ulale, zamu yako iishie hapo, au uizoe nyumba yote usafiri nayo. Wanaoanza husafiri haraka kwa sababu inapendeza mkono ukiwa umejaa. Nahodha sikumwambia asisafiri. Nilimwomba anieleze yeye huangalia nini kabla ya kung'oa nanga. Akataja upepo, mafuta, na pa kukimbilia hali ikiharibika. Tukatafuta vitu hivyo vitatu ubaoni, na hilo la pa kukimbilia ndilo alilokuwa halitazami.

Ila usimpimie mtu akili kwa kazi yake. Huyo hamali niliyemtaja aliacha skuli darasa la nne. Anakumbuka kete zilizo katika mashimo manane ya mstari wako wa nyuma bila kugeuza shingo, na ukimuuliza amejifunzia wapi, atakuambia amehesabu magunia ya mchele yanayoshuka melini nusu ya umri wake, na gunia likipotea hukatwa yeye. Mhasibu mstaafu wa baraza yetu humtangulizia shikamoo, ingawa umri wao ni sawa, na anaimaanisha.

Kumwuliza mtu kazi yake

Jambo hili ni dogo na limevunja baraza nyingi. Mtu mgeni akikaa, usimwulize "Unafanya kazi gani?" Salimia, mpe kahawa, muulize habari za kutwa. Akiwa na kazi anayopenda kuitaja, itatoka yenyewe kabla kikombe hakijaisha. Asipoitaja, mwache.

Mwaka 2020, wageni walipokatika kwa sababu ya korona na mahoteli mengi ya pwani yakafunga, alikuja barazani kijana aliyekuwa mhudumu katika hoteli moja ya mashariki. Kila siku saa 10 alitokea na shati la hoteli, safi, limepigwa pasi, akisema ametoka zamu. Tulicheza naye wiki tatu. Sisi wengine hatukuona kitu. Fundi cherehani aliona. Aliniambia baadaye kwamba kola ya shati ilikuwa imegeuzwa, upande uliochakaa umetiwa ndani, na mishono ilikuwa ya mkono, ya mtu asiyejua kushona. Mwenye mshahara na sare mpya kabatini hageuzi kola kwa mkono.

Hakusema neno mbele ya watu. Kesho yake alimwita kijana kando akamwambia amelemewa na kazi ya barakoa, anahitaji mtu wa kukata vitambaa, na malipo ni ya siku. Kijana akaenda. Hoteli zilipofunguliwa hakurudi huko. Leo ana cherehani yake, na yeye na mwalimu wake hugawana kazi za skuli mwezi wa kwanza. Mimi ningemwuliza hadharani, kwa nia njema kabisa, na asingekuja tena.

Barazani watu huitwa kwa kazi: Nahodha, Maalim, Dereva, Fundi. Ni heshima, lakini angalia asiye na kazi asibaki bila jina. Sisi humwita kwa mtoto wake, baba wa fulani, na asiye na mtoto kwa mtaa aliotoka.

Kahawa, malipo na kazi tunazopeana

Muuza kahawa ni mwenzenu, mpangieni nafasi ya kuweka dele lake na jiko pasipo upepo, na mhakikishe siku mtakazohama mahali amejulishwa mapema, maana makaa na kashata ameshanunua. Kulipa kwetu ni kopo. Kila mtu hutia alichonacho, hakuna anayetazama. Zamani aliyefungwa ndiye aliyelipia kahawa, na nilidhani halina ubaya. Maalim wa chuo cha Kurani alituambia kwa upole kwamba mali inayotoka kwa kushindwa inakaribia kamari, na yeye asingeweza kukaa nasi. Tukaliacha. Faida ya pili ilionekana baadaye: kibarua ambaye siku hiyo hakupata kazi haogopi tena kukaa na bingwa.

Mtapeana kazi, haiepukiki. Milango ya nyumba sita za watu wa baraza nimeitengeneza mimi. Weka sharti kwamba mapatano hayafanywi bao likiwa mezani, yafanywe kesho yake, kwa bei iliyotajwa, na mtu wa tatu akisikia. Nilimcheleweshea mwenzetu fremu za madirisha miezi miwili, na kwa kuwa tulikuwa tunaonana kila jioni aliona haya kunidai. Akaacha kuja. Nilizimaliza kwa usiku tatu mfululizo nikampelekea mwenyewe, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Mwenzako wa baraza mpe siku ya kumaliza kama unavyompa mteja usiyemjua, na uitimize.

Mkandarasi na kibarua wake wakikaa bao moja, aliyefungwa anainuka. Mdogo anaamkia kwanza, kisha anacheza kwa uwezo wake wote.

Mwisho wa kikao hesabuni kete kwa sauti mpaka 64, watu wawili. Zikipungua, tafuteni mikunjo ya kanzu na ndoo ya kunawia. Isipoonekana, Nahodha ana mfuko wa komwe anazookota ufukweni akirudi. Bao msilifungie. Siku zisizo na kikao cha usiku, letu huondoka na mlinzi kabla ya magharibi, amelikumbatia, kete kwenye mfuko wa kitambaa aliomshonea yule kijana. Usiku huo mrefu getini hucheza pande zote mbili peke yake, na alfajiri akipita kwenda kulala huliegemeza mlangoni mwa karakana.